Kwa nini mji wa Moshi uko ulipo

Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakija kwenye kituo chetu hapa Moshi, huwauliza swali moja kabla hawajakaa: kwa nini kuna Old Moshi kule juu mlimani, na Moshi hii ya stendi na soko la Mbuyuni huku chini? Wengi hujibu kwamba mji ulikua ukateremka. Sivyo. Makao ya serikali yalihamishwa, na ukimwelewa aliyeyahamisha na sababu yake, jiografia, utawala na historia ya uchumi hutaziona tena kama madaftari matatu tofauti.

Anza na mwili wako. Panda daladala ya Kibosho asubuhi. Stendini shati moja linatosha. Ukishuka huko juu unatafuta sweta. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Mji uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, viko kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi, na juu yake ni msitu. Pepo zenye mvuke wa Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya kusini, hupanda, hupoa na kunyesha. Ndiyo maana Machame, Uru na Kilema ni kijani, na upande wa kaskazini unakauka mapema.

Lakini mvua haitoshi mwaka mzima, na hapo ndipo wazee wetu walipofanya kazi ambayo kila mtoto wa Kilimanjaro anapaswa kuiona kwa macho yake: mfongo. Kule juu kwenye mto, maji huzuiwa kwa mawe, matope na vigogo vya migomba, kisha huongozwa kwenye mfereji uliochimbwa ubavuni mwa mgongo wa mlima. Mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba ukiutazama haraka utaapa maji yanapanda. Usiku yanajaza bwawa dogo, nduwa. Alfajiri tundu linazibuliwa na mwenye zamu anaelekeza maji shambani kwake. Anayekwepa siku ya kusafisha mfongo hutozwa faini. Tazameni vizuri: zamu, faini, kikao cha wazee, mwenye kauli ya mwisho. Huo ni utawala kamili, na umeanzia kwenye maji.

Mito hiyohiyo imechonga makorongo marefu, na kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa ardhi wenye watu wake. Kwa hiyo mlima haukuwa na mtawala mmoja. Ulikuwa na mamangi wengi, yaani watawala wa Wachagga, wenyeji wa mlima huu, wakishindana, wakioana, wakipigana. Mangi Rindi wa Moshi alitia saini mkataba na Wajerumani mwaka 1885, akitafuta nguvu dhidi ya jirani zake. Mwanawe, Meli, aliwapiga Wajerumani hao mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Sipendi kuipita tarehe hiyo kwa haraka darasani.

Kisha ikaja reli. Ilianza Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911, na garimoshi halikuwa na njia ya kupanda migongo ile. Likasimama tambarare. Ofisi, maduka na maghala yakalifuata huko chini, na makao ya zamani yakabaki na jina la Old Moshi. Hilo ndilo jibu la swali langu: mamangi walikaa penye maji na ulinzi, wakoloni wakaweka mji penye reli.

Kahawa ndiyo iliyounganisha juu na chini. Wamisionari wa Kilema walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda mlimani. Arabika hupenda ubaridi uleule wa kihamba na kivuli cha migomba. Walowezi hawakutaka Waafrika wailime, lakini wakulima hawakukubali kuiacha. Mwaka 1925 waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa Kilimanjaro. Mkulima wa Marangu na wa Machame, ambao babu zao walikuwa chini ya mamangi tofauti, sasa walipima kahawa yao chini ya chama kimoja. Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu. Mwaka 1960 wakapiga kura kuamua kwamba badala ya Mangi Mkuu wanataka rais wa kuchaguliwa. Mimi naamini kikao cha chama cha msingi, yaani ushirika wa kijijini, kiliwafundisha kura kabla ya sanduku lolote la serikali.

Yaliyofuata yaliuma. Vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Mwaka 1989 mgao wa mauzo uliokuwa umekubaliwa kimataifa ulivunjika, bei ya kahawa duniani ikaanguka karibu nusu, na wengi wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga.

Kwa hiyo kazi ya likizo ni hii. Tafuta mfongo ulio karibu na nyumbani kwa babu. Ufuate hadi mtoni, andika jina la mto, kisha muulize bibi au babu nani alikuwa akipanga zamu, na karo ya baba yako ililipwa kwa zao gani.