Kondo la nyuma kukaa chini: yanayosemwa na ukweli wake

"Kondo limekaa chini, basi ni kisu tu."
Si lazima. Likionekana chini wiki ya 20, kwa takriban wanawake 9 kati ya 10 huwa limeshakaa mbali na mlango wa kizazi kabla ya uchungu. Kondo lenyewe halitembei. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi ndiyo inayorefuka miezi ya mwisho na kulivuta juu. Kwa hiyo rudia ultrasaundi wiki ya 32, na kama bado liko chini, wiki ya 36. Uliza milimita: kutoka ukingo wa kondo hadi mlango wa ndani wa shingo ya kizazi. Zikiwa 20 au zaidi, kondo halikuzuii kuzaa kawaida. Zikipungua, jadili na daktari. Likifunika mlango, upasuaji hauepukiki, kwani shingo ikianza kufunguka kondo hubanduka na damu hutoka nyingi mno.

Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji aseme mapema. Kondo likikaa juu ya kovu linaweza kuzama kwenye nyama ya mfuko na kugoma kutoka. Mwenye kondo la namna hiyo ajifungulie hospitali yenye daktari bingwa na damu ya kutosha.

"Ultrasaundi ya ukeni itachokoza damu."
Ni salama, maana kifaa hakiingii kwenye shingo ya kizazi, na hupima vizuri kuliko ya tumboni. Cha kuogopa ni kupimwa ukeni kwa vidole. Ukifika unavuja damu, mwambie mkunga kabla hajavaa glavu kwamba kondo lako liko chini.

"Hainiumi, nitasubiri asubuhi."
Hapa ndipo tunapopoteza akina mama. Damu ya kondo lililokaa chini mara nyingi ni nyekundu mbichi na haina maumivu yoyote. Hata ikikatika yenyewe, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Inayofuata inaweza kuwa kubwa zaidi. Vaa pedi, usiweke kitu ukeni, usiende peke yako.

"Ukandwe tumbo lipande."
Kukanda hakulipandishi, na kunaweza kulibandua. Kulala kitandani mchana kutwa nako hakulisogezi. Kama linafunika mlango au umeshavuja damu, acha tendo la ndoa mpaka daktari aruhusu.

Kuanzia sasa jua kundi lako la damu, na kama ni hasi (Rh-), ukivuja uliza sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Meza vidonge vya madini ya chuma kila siku, pima wingi wa damu, tafuta ndugu wawili watakaokuchangia, na uwe na usafiri wa usiku.