Karati ya dhahabu si karati ya almasi

Bado nasikia watu wakiisifia pete kwamba ina "almasi ya karati 24, yaani safi kabisa". Hapo vipimo viwili vimechanganywa. Kwenye dhahabu, karati hupima usafi: metali yote huhesabiwa kuwa mafungu 24, na karati ni idadi ya mafungu yaliyo dhahabu tupu. Kwenye almasi na vito vingine karati ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2.

Mkanganyiko unatokana na asili moja. Wagiriki waliliita tunda la mkarobu keration, yaani kipembe, kwa jinsi ganda lake lilivyopinda. Waarabu wakalichukua neno hilo, wakasema qirat. Mbegu za tunda hilo zilitumika kupimia vitu vidogo vya thamani, kwa imani kwamba zote zina uzito mmoja. Kumbe hazilingani, hutofautiana kama mbegu za mimea mingine tu. Karati ya mji mmoja nayo haikulingana na ya mji mwingine, mpaka mkutano wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1907 ulipoamua iwe miligramu 200.

Na 24 imetoka wapi? Kaisari Konstantino wa Roma, katika karne ya 4, alitoa sarafu ya dhahabu iitwayo solidus, yenye uzito wa karati 24. Sarafu ya uzito huohuo ikiwa na karati 18 tu za dhahabu, basi robo yake ni metali nyingine. Hivyo hesabu ya uzito ikageuka hesabu ya usafi, na ndivyo masonara wanavyoitumia hadi leo. Itazame pete ya karati 18 kwa ndani: utakuta imegongwa 750, yaani sehemu 750 kati ya 1,000. Ikiwa na gramu 4, dhahabu tupu ni gramu 3. Gramu iliyobaki mara nyingi ni fedha na shaba, zinazoipa ugumu. Ya karati 22 hugongwa 916, lakini inaweza kuwa nyepesi kuliko hiyo ya 18, maana karati hapo haisemi lolote kuhusu uzito wa pete.

Kwenye vito, hata ukubwa haumo. Rubi ni nzito kuliko almasi ya ujazo uleule, kwa hiyo rubi ya karati moja huonekana ndogo kuliko almasi ya karati moja. Usafi wa almasi hutafutwa kwa lenzi inayokuza mara 10, kuangalia dosari zilizomo ndani, wala hautajwi kwa karati.

Almasi ya karati 24 inaweza kuwepo, ila hilo ni jiwe la gramu 4.8, na huenda lina dosari tele. Ukikusudia kusema ni safi, sema haina dosari. Na ukinunua pete ya dhahabu yenye almasi, uliza karati mara mbili: ya dhahabu, kisha ya jiwe.