Je, wajua kwa nini tairi pana likivishwa rimu nyembamba hupoteza makali yake?

"Nivishe tairi la upana gani?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila mtu anayetaka kuingiza gari lake la kawaida kwenye autokrosi. Ni swali zuri, ila lina pengo. Linataja tairi na kuisahau rimu, ilhali rimu ndiyo inayoamua ni kiasi gani cha upana huo kitafanya kazi gari linapokata kona.

Autokrosi ni mbio za gari moja moja dhidi ya saa, katika njia fupi iliyojaa kona. Huko Marekani, ambako SCCA, chama cha michezo ya magari kilichoanzishwa mwaka 1944, huziita Solo, mbio hizi hufanyika juu ya lami, aghalabu kwenye viwanja vikubwa vya kuegesha magari. Njia huchorwa kwa koni, mkimbio mmoja huchukua kama dakika moja, na kila koni unayoiangusha hukuongezea sekunde 2. Uingereza na hapa Kenya jina ni lilo hilo, lakini aghalabu chini ni udongo au nyasi. Tofauti hiyo itatusumbua baadaye. Kwa sasa tubaki kwenye lami.

Pita Mama Ngina, pale Mombasa, jioni ya Jumapili uyatazame magari yaliyoegeshwa kuelekea bahari. Hukosi Subaru mbili tatu ambazo matairi yake yamechungulia nje ya bodi. Muulize mwenyewe sababu, atakujibu bila kusita: tairi pana lina mpira mwingi chini, na mpira mwingi chini ni gari lisiloteleza. Jibu linaingia akilini upesi. Kasoro yake ni kwamba limeusahau upepo.

Uzito wa gari kwa sehemu kubwa haubebwi na mpira. Unabebwa na upepo uliofungiwa ndani yake. Chukua gari la kilo 1,100 na tuseme kila tairi linabeba robo, yaani kilo 275. Ukilitia upepo wa 30 PSI (paundi kwa inchi ya mraba), presha hiyo ni sawa na kilo 2.1 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 275 kwa 2.1, unapata sentimita za mraba 130 na ushee. Hilo ndilo eneo la tairi linalogusa lami. Sasa irudie hesabu hiyo ukitafuta mahali upana wa tairi ulipoingia. Haumo.

Kinachobadilika ni umbo la alama ambayo tairi huiacha chini. Tairi lenye uso wa sentimita 15 litagusa chini kwa urefu wa karibu sentimita 8.7, lenye uso wa sentimita 17.5 litagusa kwa sentimita 7.4 hivi. Alama imetanuka na kufupika, eneo ni lile lile. Asiyeamini anaweza kupima nyumbani: inua gurudumu kwa jeki, lipake uso rangi ya maji, tandika karatasi ya manila, lishushe, liinue tena, kisha uhesabu miraba kwa rula. Tairi pana litazidi kidogo, kwa sababu kuta za tairi nazo zinabeba sehemu ya mzigo na hesabu ya presha peke yake haiwezi kuwa kamili. Lakini ziada hiyo hailingani na upana uliolipia.

Hapo mwanafunzi wa fizikia ya sekondari atapiga makofi, maana kwenye daftari lake imeandikwa kwamba msuguano hautegemei eneo la kugusana. Kanuni hiyo hunasibishwa na Mfaransa Guillaume Amontons, aliyeieleza mwaka 1699, na kwa vitu vigumu inakwenda vizuri. Kwa mpira haiendi. Mpira ukikandamizwa sana, ushikaji wake hauongezeki kwa kasi ya mzigo: ongeza mzigo mara mbili, ushikaji utaongezeka kwa chini ya mara mbili. Maana yake ni kwamba mzigo ukitandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, mpira unashika vizuri zaidi. Basi kijana wa Mama Ngina amepatia jibu kwa njia iliyokosea, na mwanafunzi amekosea jibu kwa kanuni iliyo sahihi mahali pengine. Ni mara chache mabishano ya kibarazani huisha hivyo.

Eneo hilo kubwa linatoka wapi, kama upana haumo kwenye hesabu? Linatoka kwenye presha. Tairi kubwa lina nafasi zaidi ya upepo, kwa hiyo linaweza kubeba mzigo ule ule kwa presha ndogo zaidi bila kulegea ovyo. Shusha kutoka PSI 30 hadi 26, na zile sentimita 130 zinakuwa 150. Anayenunua tairi pana kisha akalijaza upepo kama la zamani amelipia ruhusa ambayo hakuitumia. Kuna hoja nyingine ya joto, kwamba mpira mwingi hupashika polepole. Katika mkimbio wa dakika moja hoja hiyo ni dhaifu, ingawa kwa lami ya Mombasa saa saba mchana, tairi jeusi likiwa limeanikwa juani tangu asubuhi, huenda ikapata nguvu. Wamarekani wengine huyamwagia matairi maji kati ya mkimbio na mkimbio.

Sasa rimu. Tairi limeshikwa kwenye rimu kwa kingo zake mbili zenye waya, na kutoka kingo hizo kuta zinapanda hadi kwenye uso. Gari likikata kona kwa kasi, mwili wake unasukumwa nje huku lami ikiung'ang'ania uso wa tairi. Katikati ya vuta nikuvute hiyo zipo kuta, ambazo ni mpira na nyuzi tu.

Mfikirie abiria aliyesimama ndani ya matatu inayozunguka Makupa. Sheria haimruhusu kusimama, lakini yupo. Akisimama miguu imegusana, kona ya kwanza inamtupa: nyayo zimebaki sakafuni, magoti yamekunjika, mabega yameshafika dirishani. Akiitanua miguu hadi iwe chini ya mabega yake, ile ile kona inampita akiwa ameyumba kidogo tu. Hajaongeza nguvu wala uzito. Amebadilisha mahali miguu iliposimama. Rimu ni sakafu yake, kuta za tairi ni miguu, na uso wa tairi ni mabega. Tairi la 225, yaani la upana wa milimita 225, lililobanwa kwenye rimu ya inchi 6 ni abiria wa mabega mapana aliyebana miguu. Kadiri mabega yalivyo mapana ndivyo anavyopepesuka vibaya. Akiitanua miguu kupita mabega, hayumbi, lakini hana tena kunyumbuka: matatu ikipanda tuta, mshtuko wote unampanda kiunoni. Na gari nalo ndivyo linavyofanywa na rimu iliyopita kiasi. Kuta zimenyooshwa mno, kila shimo linafika moja kwa moja kwenye shoki, na mdomo wa rimu umebaki wazi kupokea mawe.

Kwa dereva, tofauti hii husikika mikononi. Kwenye rimu nyembamba, unakata usukani na kwa kitambo kidogo hakuna kinachotokea. Kuta zinajikunja kwanza, ndipo gari ligeuke. Kwenye barabara ya Nyali hakuna atakayejali. Katikati ya koni zilizopangwa moja kulia moja kushoto, ukishachelewa koni moja utachelewa zote. Isitoshe, kuta zikilala, uso wa tairi nao unainuka upande mmoja, na sehemu ya ule upana ulioulipia inakuwa hewani wakati unapoihitaji.

Namba zenyewe hazifichi kitu. Kwenye 195/65 R15, 195 ni upana wa tairi kwa milimita, ukipimwa ubavu hadi ubavu na si kwenye uso. 65 ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya upana huo. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nyuma ya rimu utakuta kitu kama 15x6J ET45: inchi 6 ndio upana, nao hupimwa ndani, kati ya mdomo na mdomo; ET ni umbali, kwa milimita, kati ya katikati ya rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari. Ukipima kwa nje kwa futi utapata karibu inchi 7 na utamgombeza muuzaji bure. Kila kipimo cha tairi kina rimu zake zinazokubalika. La 195/65 R15 linakubali kuanzia inchi 5.5 hadi 7. La 205/55 R16, 5.5 hadi 7.5. La 225/45 R17, 7 hadi 8.5. Upana wa tairi wenyewe hufuata rimu: kila nusu inchi ya rimu huupanua au kuubana kwa milimita 5 hivi, kwa hiyo 205 mbili kwenye rimu tofauti si matairi mapacha.

Wanaokimbia juu ya lami hupendelea rimu iliyo karibu na kikomo cha juu. Mwenye gari dogo la saluni la Kijapani lililokuja na 195/65 R15 anaweza kwenda 205/55 R16 kwenye rimu ya inchi 7, na kimo cha gurudumu kitapungua kwa milimita 3 tu, hivyo spidomita haitadanganya na gia hazitabadilika tabia. Mwenzake atakayeng'ang'ania 225/45 R17 juu ya rimu ya 6.5 atakuwa chini ya kikomo kinachokubalika, na amebeba uzito zaidi kwenye kila gurudumu.

Je, atashindwa? Si lazima. Madaraja ya chini ya Solo kule Marekani yanamtaka mshindani abaki na upana wa rimu wa kiwandani, na wapo wengi wanaobana tairi pana kwenye rimu hizo nyembamba na saa ikawakubalia. Ila hao hununua matairi ya barabarani yenye mpira laini, huyaongezea upepo ili kuta zisilale, na hukimbia kwenye lami kavu. Ni vigumu kuuondoa ulaini wa mpira kwenye matokeo na kusema upana ndio ulioshinda. Kwa bajeti ya kawaida, tairi la wastani lenye mpira mzuri kwenye rimu inayolitosha ni ununuzi salama zaidi.

Turudi kwenye udongo, ambako mpangilio unageuka. Murami uliolegea una changarawe juu na ardhi ngumu chini yake. Tairi jembamba linapasua changarawe na kulifikia gumu. Pana linaelea juu ya vijiwe. Ndiyo maana magari ya mashindano ya dunia ya rali, ambayo Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 ilirejea kwayo mwaka 2021, hutumia rimu za inchi 15 kwenye udongo na 18 kwenye lami: kule ukuta mrefu wa kumeza mawe, huku ukuta mfupi usioyumba. Kwa mshindani wa Kenya, basi, 185 au 195 lenye meno marefu kwenye rimu ya katikati ya kiwango hutosha, na mdomo wa rimu usitokeze nje ya tairi. Mchanga wa ufukweni una kanuni yake tena. Chini hakuna gumu la kufikia, kwa hiyo tairi jembamba linajichimbia kaburi, na hapo pana lenye upepo mdogo ndilo linalotoka.

Ukishachagua, presha ipimwe kwa chaki. Chora mistari mifupi inayotoka kwenye uso wa tairi na kushuka ubavuni, kwenye matairi ya mbele, mahali patatu hivi. Kimbia mara moja, kisha uitazame. Chaki ikifutika hadi chini ubavuni, tairi linalalia ukuta: ongeza PSI 2. Ikibaki juu ya bega la tairi, punguza. Ukiongeza upepo mwingi na chaki bado inafutika hadi ubavuni, shida si upepo tena, ni rimu. Upime presha tairi likiwa na joto la mkimbio, maana kila nyuzijoto 5 au 6 za Selsiasi huongeza karibu PSI 1, na kipimo cha asubuhi kwa fundi wa pancha hakitakuwa kile cha mchana uwanjani.

Kabla ya kulipia rimu pana, mwombe muuzaji akufungie moja mbele. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto, watu wawili wakae juu ya buti, na uangalie mwanya kati ya tairi na shoki kwa ndani, na kati ya tairi na bodi kwa nje. Namba ya ET ndiyo inayosogeza rimu ndani au nje. Rimu ya inchi 7 yenye ET isiyofaa itakwaruza hata kama upana wake ni sahihi, na muuzaji akishafunga tairi juu yake hapokei tena.