Bei ya Korosho na Kalenda ya Mkulima

Sisi tunaotafiti sera za kilimo tumezoea kuipima sera ya korosho ya Tanzania kwa swali moja: je, bei ya mnadani imepanda au imeshuka? Swali hilo ni la haki, lakini naamini limetusahaulisha kalenda ya mkulima, na huko ndiko sera zenye nia njema zinakokwama.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/2008 mfumo huo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa na kupangwa madaraja, kisha zikapelekwa ghala kuu, ambako wanunuzi, wengi wao wakiwa wasafirishaji wa korosho ghafi kwenda India na Vietnam, hushindana kwa zabuni. Fedha nazo hupitia kwenye vyama vya ushirika, na makato yakishatolewa ndipo mkulima analipwa. Ushindani huo umewasaidia wakulima mara nyingi, na sioni sababu ya kuubeza.

Hata hivyo, utazame mwaka wa mkulima wa Newala au Tandahimba. Minada huanza Oktoba. Dawa ya salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga inahitajika mapema zaidi, mikorosho inapochipua na kutoa maua katikati ya mwaka, wakati fedha za msimu uliopita zimekwisha, na mgonjwa ndani ya nyumba hawezi kuambiwa asubiri mnada. Hapo ndipo anapotokea mnunuzi wa kangomba, yaani biashara ya korosho nje ya mfumo rasmi, akiwa na fedha taslimu, anayepima kwa bakuli badala ya mizani, na mara nyingi anazinunua korosho zikiwa bado juu ya mti. Mkulima anajua fika kwamba anapunjwa. Anayesema kwamba wakulima hawa wanahitaji kuelimishwa hajakaa nao akapiga hesabu zao: kangomba ni mkopo wenye riba kali, unaochukuliwa na mtu ambaye hakuna benki inayokubali dhamana ya korosho zisizoanguka. Kuipiga marufuku bila kuweka mkopo mwingine mahali pake ni kumwachia mkulima shida ileile, safari hii akiwa pia mvunja sheria.

Mwaka 2018 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Mwezi Juni, Bunge lilibadilisha sheria ili ushuru wote wa kusafirisha korosho ghafi nje uingie Mfuko Mkuu wa Hazina, ilhali awali asilimia 65 ilikuwa inarudi kuendeleza zao, pembejeo zikiwemo. Oktoba wakulima walizikataa bei za mnadani, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huku jeshi likizisafirisha. Kwa kipimo cha bei, huo ulikuwa ushindi wa mkulima. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki wa kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, na wapo wakulima halali walioingia mwaka 2019 wakiwa bado wanasubiri. Bei nzuri inayochelewa humrudisha mkulima kwa yuleyule mnunuzi ambaye uhakiki ulikuwa unamsaka.

Kwa hiyo ninapendekeza kila tathmini ya mfumo huu ihesabu siku kati ya kupima na kulipwa, kwa kila chama cha msingi, na iulize ni kaya ngapi zilikuwa zimekwisha kuuza sehemu ya mavuno kabla ya mnada wa kwanza. Swali la pili ni gumu, kwa kuwa watu hawakiri kangomba mbele ya mgeni mwenye dodoso, na litahitaji watafiti wanaoaminika vijijini. La kwanza ni rahisi: tarehe ya kupima imo kwenye hati ya mkulima, na tarehe ya malipo imo kwenye kumbukumbu za benki.