Sarojini Naidu hakuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Congress

Mara nyingi huandikwa kwamba Sarojini Naidu, mshairi na mpigania uhuru wa India, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha Congress. Sivyo. Annie Besant, aliyezaliwa London mwaka 1847, alikishika cheo hicho katika mkutano wa Calcutta wa 1917. Naidu alikipata Kanpur mwaka 1925, akawa mwanamke wa kwanza Mhindi kukishika. Neno hilo moja, "Mhindi", ndilo hudondoka njiani.

Kosa hili, kwa maoni yangu, linasikitisha zaidi kwa sababu Naidu hahitaji sifa ya kuazima. Mwaka huohuo wa 1917 aliongoza ujumbe wa wanawake kwa Montagu, waziri wa Uingereza aliyesimamia mambo ya India, kudai haki ya kupiga kura. Januari 1924 alikuwa Mombasa, akiongoza kikao cha Congress ya Wahindi wa Afrika Mashariki, wakati mzozo wa ardhi ya nyanda za juu za Kenya, zilizotengewa walowezi Wazungu, ulikuwa bado moto. Mei 1930, Gandhi akiwa kizuizini, yeye ndiye aliyewaongoza waandamanaji waliopinga kodi ya chumvi ya Waingereza hadi kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana, magharibi mwa India, ambako polisi waliwapiga kwa marungu watu ambao hawakuinua hata mkono kujikinga.

Baada ya uhuru aliteuliwa gavana wa United Provinces, jimbo la kaskazini mwa India ambalo leo ni Uttar Pradesh, na hapo kweli hakutanguliwa na mwanamke yeyote nchini humo.