Ndoa za bahati mbaya kwenye tamthilia fupi: siyo pesa za bosi

Miaka yote watu wanasema eti hizi tamthilia fupi za kuamka asubuhi umeshaolewa na mtu humjui zinapendwa sababu mume huishia kuwa bilionea, basi. Hapana jamani. Hata kwenye Full House, tamthilia ndefu ya TV ya Korea, 2004, mume ni staa wa filamu na ndoa ni ya mkataba, lakini kilichowashika watu ni zile kelele za wawili wanaogombana ndani ya nyumba moja.

Utamu uko kwenye mpangilio kugeuzwa, ndoa inatangulia mapenzi yanafuata, kwa hiyo huulizi tena kama watakuwa pamoja, unasubiri nani atakubali kwanza kwamba ameshapenda. Jamaa analala kwenye sofa, usiku anamfunika mke blanketi, asubuhi anakataa katakata, eti si yeye, na wewe uliyeona unabaki unatabasamu peke yako! Na kwa vile epizodi ni dakika moja au mbili hivi hakuna nafasi ya uchumba mrefu, cheti cha ndoa kinamaliza hiyo kazi kwenye sekunde za mwanzo tu, pesa zinakuja kukoleza baadaye.