Bei ya pasipoti na visa: uongo tunaoambiana Nairobi, na vile mambo yako kweli

"Pasipoti ni elfu ishirini." Hii utaiskia kwa matatu, utaiskia kwa kinyozi, utaiskia kwa chama, na anayeisema mara nyingi hata hadanganyi, ndizo alizotoa. Ila za serikali hapo ndani si zote. Wazee nao bado wanakuambia elfu nne unusu kwa sababu ndiyo bei waliyozoea, 4,500 kwa ile ya kurasa 34. Novemba 2023 wizara ya usalama wa ndani ikachapisha bei mpya kwa gazeti rasmi, watu wakapiga kelele, wakaenda kortini, korti ikasimamisha, halafu 2024 bei mpya zikaingia: 7,500 kwa kurasa 34, 9,500 kwa kurasa 50, 12,500 kwa kurasa 66. Weka na shilingi 50 za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Imeisha hapo.

Sasa kama ulitoa ishirini, hizo zingine zilienda wapi? Kuna ya kijana wa saiba, duka la intaneti, aliyekujazia fomu, na hiyo mimi sina shida nayo, mtu akifanya kazi alipwe, mzee wa kijijini ambaye hajawahi kushika kompyuta atafanya nini. Kuna ya potokopi. Halafu kuna ya jamaa amesimama nje na bahasha ya kaki chini ya kwapa, anakuita "mkubwa" ama "mamangu", anakuambia yeye ana mtu ndani. Hiyo ya tatu ndiyo inafanya bei ikue kila ukihesabu, na ndiyo haina risiti.

Njia ya kujua ni rahisi kabisa na watu hawaitumii. Ukimaliza kujaza eCitizen inatoka invoisi, iko na jina lako, iko na kiasi, iko na namba. Tangu 2023 serikali ilisukuma malipo yake yaende kwa paybill moja, 222222, na pale kwa akaunti unaweka ile namba ya invoisi. Meseji ya M-Pesa ikirudi iangalie vizuri kabla hujatia simu mfukoni: ikisema pesa imeenda kwa Fulani wa Fulani na namba ya simu, basi hiyo umempa Fulani, serikali bado haijaona kitu. Na tafadhali, akaunti ya eCitizen ifunguliwe kwa email yako na simu yako wewe, si ya kijana wa saiba, maana akishakuwa na paswodi ni yeye mwenye pasipoti, kila ukitaka kuangalia imefika wapi unarudi kwake na mia mbili.

Kingine, eti ya kurasa nyingi inatoka haraka, ama inakaa miaka mingi zaidi. Hapana. Ya mtu mzima ni miaka kumi, iwe 34 iwe 66. Unalipia karatasi tu. Mtu anayeenda Kampala mara mbili kwa mwaka hana haja ya kurasa 66, na Uganda na Rwanda hata kitambulisho cha taifa kinatosha. Mfanyabiashara wa Eastleigh au Gikomba anayeenda Guangzhou na Dubai kila mara, huyo sawa, achukue kubwa. Na kurinyu, yaani kubadilisha ya zamani ikiisha muda, si nafuu kuliko kuchukua mpya, bei ni ile ile, ila ukiipoteza hapo ndipo utalia, ada ya kupoteza iko juu sana kuliko ya kurinyu na bado kuna abstrakti ya polisi, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti.

Tukuje visa, hapa ndipo uongo umejaa.

"Wakikunyima wanarudisha pesa." Nani alikuambia? Marekani visa ya utalii na biashara ni dola 185 tangu Juni 2023, zamani ilikuwa 160, unalipa kabla hujaona hata mlango wa ubalozi wao Gigiri, na ukinyimwa haizirudishi, na huwezi kumpa dada yako atumie hiyo risiti. Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024, kabla ya hapo 80, watoto wa miaka 6 mpaka 11 nusu yake, chini ya 6 bure, na ikikataliwa pia zimeenda. Uingereza vile vile. Watu wanasema huo ni wizi, ubalozi unakula pesa za maskini, na nawaelewa, mtu amechanga kwa familia nzima halafu anapewa karatasi ya kukataliwa baada ya maswali ya dakika tatu. Lakini ada ile haijawahi kuwa bei ya visa. Ni kama ile ya kufungua faili kliniki, umelipa uonwe, hujalipa uambiwe uko mzima. Unaweza kusema ni ghali mno kwa mtu wa Kayole na hapo tutakubaliana, ila usiende ukidhani umenunua kitu.

Kutoka kwa hiyo dhana inazaliwa mbaya zaidi: agenti anayekuambia "lipa laki mbili, visa ikikosa narudisha zote". Fikiria kidogo. Yeye anawasilisha maombi ya watu kumi, watano wanapata kwa sababu walikuwa wanastahili tangu mwanzo, hao anakula laki zao, watano wanakosa na anaanza kuwazungusha, kesho, Ijumaa, boss amesafiri. Hana mtu ubalozini, anacheza na bahati yenu. Kwa Marekani ukikataliwa kwa ile sehemu ya sheria wanaita 214(b), maana yake hujamshawishi ofisa kwamba utarudi nyumbani, hakuna rufaa, unaomba upya na unalipa 185 nyingine. Kwa hivyo akikuambia ati "tuna-appeal, ongeza elfu thelathini", ondoka.

Halafu VFS. Wengi wanadhani wale wa VFS ndio wanaamua, kwa hivyo ukilipia ile huduma ya kukaa kwa viti vizuri na chai, ama kutumiwa meseji, faili lako linaangaliwa kwa jicho zuri. Wale ni kampuni ya kupokea makaratasi na alama za vidole. Wanatoza ada yao, iko kando na ya visa, na zile nyongeza ni za starehe yako. Mwenye kuamua ni ofisa wa nchi husika, na yeye hajui kama ulikunywa chai.

Kuna hii ya Uingereza pia, eti ukilipia visa ya miaka kumi unaweza kuishi huko miaka kumi. Kuanzia Aprili 2025 ya miezi sita ilikuwa pauni 127, ya miaka miwili 475, ya mitano 848, ya kumi 1,059. Lakini hata na hiyo ya kumi, kila ukiingia mwisho ni miezi sita, unatoka. Na kuna mtego watu hawasomi: ukiomba ya kumi ukanyimwa umepoteza pauni elfu moja na zaidi, si ile ndogo ya miezi sita, na wakiamua kukupa fupi kuliko uliyoomba hawakurudishii tofauti. Kwa mtu anayeomba mara ya kwanza kwenda harusi ya binamu sioni sababu ya kuanzia huko juu.

Dubai ndiyo tofauti kidogo, ukiskia bei tano kutoka kwa maagenti watano si lazima wanne ni wezi. Visa ya utalii ya kule haitolewi kwa dirisha la ubalozi, inapitia ndege, hoteli na maagenti wa safari, kila mmoja na bei yake. Linganisha tu.

Nyingine ni ya wageni wetu. "Kenya iliondoa visa, kwa hivyo shangazi wa Texas anaingia bure." Rais alitangaza Jamhuri Dei ya 2023, ikaanza Januari 2024, ni kweli visa ilikufa, lakini ikazaliwa eTA, kibali unachoomba mtandaoni kabla ya kupanda ndege, dola 30 na makato juu yake. Wa Afrika Mashariki hawakuhitaji, na 2025 ikaondolewa kwa nchi nyingi za Afrika isipokuwa Somalia na Libya. Shangazi akiwa na pasipoti ya Kenya bado hai, na katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, aingie nayo na asilipe kitu. Akiwa na ya Marekani pekee, alipe. Na aombe kwa tovuti inayoishia na go.ke, kuna tovuti zingine zinafanana nayo mpaka rangi, zinatoza mara mbili mara tatu kwa kujaza fomu ile ile.

Green card nayo, ile droo ya kupata ukaazi wa Marekani, nisiisahau, maana kila Oktoba saiba za tao zilizoea kuweka mabango. Miaka yote kuingia ile droo ilikuwa bure kabisa, 2025 Marekani ikaweka dola moja. Moja. Saiba akikutoza mia tano ni kazi yake na picha, sawa, lakini email ikija ati umeshinda tuma dola 330 kwa Western Union, hiyo si wao. Hiyo ada ya washindi ipo kweli ila inalipwa kwa keshia wa ubalozi siku ya intavyuu, na matokeo unaangalia mwenyewe kwa tovuti yao na namba uliyopewa.

Mwisho ni hawa wetu wanaofanya kazi Ghuba, mtu anaskia akikwama Riyadh ubalozi wa Kenya utamlipia wakili, faini na tiketi, si tunalipa ada? Mkataba wa Vienna wa 1963 ndio unaruhusu ofisi za kibalozi kutoza ada kwa huduma zao, na huo huo unakupa haki ukikamatwa ubalozi wako uambiwe ukiomba. Wanaweza kuja kukuona jela, kupigia watu wako, kukuandikia hati ya dharura ya kurudi nyumbani kama pasipoti imepotea au bosi ameificha. Kuamuru korti ya watu hawawezi, na ile ada haikununulii wakili wala tiketi. Kwa hivyo kabla hujapita uwanja wa ndege wa JKIA piga picha ule ukurasa wa pasipoti wenye jina lako, jitumie kwa email, na nyingine umtumie mtu wa nyumbani anayeshika simu usiku, kwa sababu bila namba ya pasipoti hata hati ya dharura inachelewa.